Dalali Mzoefu Si Tapeli

Kila barua za uhamisho zinapotoka, walimu na watumishi wa serikali hufunga virago, huaga majirani, na kushika njia kwenda katika mji ambao pengine hawajapata kuuona. Mtumishi anapoteremka kituo cha basi, jambo la kwanza analouliza si soko liko wapi wala benki iko wapi. Anauliza mahali pa kulala yeye na watoto wake. Na mtu wa kwanza anayeelekezwa kwake ni dalali, yule aketiye kwenye benchi chini ya mwarobaini, nyuma yake kibao kilichoandikwa kwa rangi: vyumba, nyumba nzima, fremu za maduka, viwanja.

Juu ya mtu huyu yamesemwa mengi, na mengi yao si mema. Kila shule na kila ofisi ina mtu mwenye kisa cha kusimulia. Yuko aliyelipa ada ya kuonyeshwa vyumba vinne, vyote vimekwisha kupangishwa. Yuko aliyetoa kodi ya miezi sita kwa mtu aliyejitia kuwa mwenye nyumba, kumbe ni mpangaji anayehama. Na yuko yule ambaye maumivu yake hayana mfano, aliyechukua kiinua mgongo chake chote akanunua kiwanja, akachimba msingi, ndipo wakajitokeza watu wengine wawili, kila mmoja na karatasi yake.

Visa hivi vinaumiza, na hatuna nia ya kuvipuuza. Lakini kutokana navyo watu wametoa hukumu ambayo hatukubaliani nayo. Wanasema kwamba kazi yenyewe ya udalali ni wizi, na kwamba siku hizi, maadamu kila mtu ana simu mkononi, haina haja tena. Sisi twaona kinyume chake. Kadiri nyakati zinavyobadilika ndivyo thamani ya dalali mwenye uzoefu inavyopanda. Na sehemu kubwa ya hasara tunazozililia inatokana na kumkwepa dalali wa namna hiyo, wala si kumtumia.

Neno lenyewe lina la kutufundisha. Dalali ni neno lililotoka katika Kiarabu, na shina lake ndilo hilo hilo lililotupatia neno dalili. Ni mtu anayeonyesha, anayeelekeza. Katika miji ya pwani yetu dalali alikuwa ndiye anayesimama kati ya mwenye mali na mwenye fedha, akapiga mnada au akawakutanisha faraghani, na heshima yake yote ilikuwa katika kufahamika kwake. Hakuwa na duka wala ghala, bali ujuzi wa nani anacho na nani anakitaka, pamoja na jina lake. Jina likiharibika, kazi imekwisha.

Haifai pia kusahau kwa nini katika nchi hii dalali wa nyumba alikuja kutazamwa kwa jicho la pembeni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa sababu kodi ya pango ilihesabiwa kuwa njia mojawapo ya mtu kuishi kwa jasho la mwenziwe. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo, ambayo iliyatia mikononi mwa Serikali majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Kabla ya hapo, mwaka 1962, lilikwisha kuundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa kudumu tuliourithi kwa wakoloni ulifutwa. Katika utaratibu huo nyumba ya mtumishi iligawiwa. Mtu alihamishwa kutoka Songea kwenda Mwanza, akapewa barua, akaenda kuchukua ufunguo. Dalali angefanya kazi gani hapo? Alionekana kuwa kupe tu.

Hata hivyo tuseme kweli. Katika miaka ile ile watumishi wa ngazi za chini na walimu wengi hawakugawiwa chochote. Walipanga katika nyumba za Kiswahili za Magomeni, Temeke, Ilala na Kariakoo, zile nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati na uwanja wa nyuma. Hakuna ofisi iliyowatafutia vyumba hivyo. Walitafutiwa na wazee wa mtaa waliojua nani anahama mwisho wa mwezi, mama yupi hapendi wapangaji wenye makelele, na nyumba ipi choo chake hujaa masika. Mzee huyo hakuitwa dalali, na pengine alipewa soda na asante. Lakini kazi aliyoifanya ndiyo hiyo hiyo tunayoizungumza.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1990 shughuli za Msajili wa Majumba ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1991, katika kikao cha Zanzibar, masharti ya uongozi yalilegezwa, na mtumishi akaruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha kama mtu mwingine. Kuanzia mwaka 2002 nyumba nyingi za Serikali ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wakiishi ndani yake. Walionunua walishukuru, na waliokuja kuajiriwa baada yao wakakuta hakuna cha kugawiwa. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi za pango ikafutwa, na kodi ikabaki kuwa mapatano kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Watu nao waliongezeka. Dar es Salaam, iliyokuwa na watu wapatao 273,000 katika sensa ya mwaka 1967, ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya mwaka 2022.

Maana yake ni moja. Mtumishi wa leo hagawiwi nyumba, anaitafuta sokoni. Tena ni soko la namna ya peke yake, kwa sababu bidhaa yake haibebeki, haifanani na nyingine, na kasoro zake hazionekani kwa macho. Mnunuzi wa mchele hutia mkono guniani akachota punje chache. Je, mnunuzi wa kiwanja atachota nini?

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie kidogo, kwa maana watu wengi hudhani dalali hulipwa kwa kutembea. Wanamwona ametangulia mbele kwa miguu, au juu ya pikipiki, amefungua mlango, amesema bei, amepokea chake. Basi wanasema, "Kwa kutembea huko tu, kodi ya mwezi mzima?" Kutembea ni sehemu ndogo kabisa ya kazi ya dalali mzoefu. Ujira wake hasa ni wa yale anayoyajua kabla ya kuanza kutembea.

Anajua maji yanapita wapi. Watu waliohamia Dar es Salaam katika mwaka wa ukame huiona nyumba ya bondeni kuwa nzuri na rahisi, karibu na mjini, udongo mwororo, kivuli cha minazi. Dalali aliyekuwapo wakati wa mafuriko ya Desemba 2011, alipoona wakazi wa Jangwani na bonde la Msimbazi wakiokolewa juu ya mapaa na baadaye kuhamishiwa Mabwepande, hahitaji ramani kumwambia nyumba hiyo ni rahisi kwa sababu gani. Anajua pia kwamba bomoabomoa ilifika bonde hilo hilo miaka minne baadaye.

Anajua barabara inadai kiasi gani. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, ambayo hapo ilihesabiwa kuwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Baadhi ya wenye nyumba walikuwa wamenunua kwa nia njema kabisa, wameshuhudiwa na viongozi wa mtaa, wameingiziwa umeme na maji. Muhuri wa mtaa haukuzuia tingatinga. Dalali mwenye miaka ishirini katika njia ile alikuwa amekwisha kuona alama nyekundu zikichorwa ukutani, zikafutika, zikachorwa tena. Aliyemuuliza aliambiwa. Aliyenunua kwa mpita njia hakuambiwa.

Anajua nani yumo ndani ya nyumba. Hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa kuwa migogoro mingi ya nyumba katika miji yetu haitokani na mipaka, hutokana na ukoo. Baba amefariki, ameacha wake wawili na watoto tisa. Mtoto wa kwanza amekalia karatasi na anataka kuuza upesi kabla ya arobaini kupita. Kwa sheria zetu hana mamlaka hayo mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Au mume anauza nyumba ya familia mke akiwa amesafiri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamkataza mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi imeukazia ulinzi huo. Mnunuzi mgeni atayajuaje haya? Ataonyeshwa mtu mwenye suti na bahasha. Dalali wa mtaa, aliyehudhuria msiba wa baba na harusi ya binti, anajua kwamba mama yuko hai, yuko Tanga kwa dada yake, na hajaulizwa.

Anajua karatasi. Siyo kwamba ni mwanasheria, wala asijifanye mwanasheria. Lakini karatasi za ardhi katika nchi yetu ni nyingi na hazina uzito mmoja. Iko hati ya kumiliki ardhi, ya miaka 33, 66 au 99. Iko barua ya toleo, ambayo wananchi wameizoea kwa jina la ofa. Iko leseni ya makazi, iliyoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2004 kwa wenye nyumba katika maeneo yasiyopimwa, na ambayo ni ya muda mfupi. Uko mkataba wa mauziano ulioandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na mjumbe. Katika mfumo wa nyumba kumi kumi ulioanzishwa na TANU miaka ya 1960, mjumbe alikuwa jicho la mtaa, na ushahidi wake ulitosha kwa mambo mengi. Hata leo ushuhuda wake ni wa maana: anaweza kusema nani amekaa pale tangu lini. Asichoweza ni kumfanya mtu kuwa mmiliki. Uhamisho wa hati huandikwa, hulipiwa kodi na ushuru wa stempu, na huandikishwa kwa Msajili wa Hati. Dalali mzoefu humwambia mteja wake mapema: usitoe hata shilingi moja mpaka umefanya upekuzi ofisini ukaona jina la nani limo, na kama nyumba haikuwekwa rehani benki.

Na mwisho, anajua mambo madogo yanayoharibu maisha ya mpangaji kila siku. Je, mita ya umeme ya LUKU ni ya nyumba nzima au ya kila chumba? Nani ananunua umeme wa pasi ya jirani? Maji hutoka siku zipi? Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi mitatu, sita, au ya mwaka mzima? Mwalimu anayeanza kazi, ambaye mshahara wake wa kwanza bado uko njiani, hawezi kupelekwa kwa mwenye nyumba anayetaka mwaka. Dalali anayejua kazi yake hampeleki huko, hampotezei siku wala nauli.

Wako watakaosema kwamba yote haya yamepitwa na wakati. Picha za nyumba zimejaa katika mitandao ya kijamii. Mtu aliyeko Kigoma anaweza kuona sebule, jiko na bafu la nyumba iliyoko Mbezi. Ni kweli, na ni jambo jema. Limepunguza safari za bure. Lakini picha haionyeshi maji yanayoingia mlangoni mwezi wa Aprili, wala haionyeshi mke aliyeko Tanga. Isitoshe, nyumba moja huonekana imetangazwa na watu kumi, kila mmoja na bei yake, wala hakuna hata mmoja wao aliyepata kumwona mwenye nyumba. Zamani tapeli alilazimika kuja na uso wake. Sasa anakuja na namba ya simu, na kesho namba haipatikani. Ndiyo maana twasema kwamba wingi wa habari haukuondoa haja ya mtu anayefahamika. Umeikuza.

Mfano wa karibu ni Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa na TANU mwaka 1973, na mamlaka ya ustawishaji, CDA, ikaundwa mwaka huo huo. Kwa miaka mingi mji ulikua taratibu. Kisha, mwezi Julai 2016, Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itahamia kweli, na wizara zikaanza kuhama. Watumishi waliozoea Dar es Salaam wakajikuta wanatafuta nyumba kwa haraka katika mji mmoja, kwa wakati mmoja. Kabla vumbi halijatulia, mwezi Mei 2017, CDA ikavunjwa na kazi zake zikahamishiwa halmashauri. Na mwezi Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Mtu aliyenunua kiwanja katika miezi hiyo alikuwa na mambo ya kuuliza ambayo hayakuwapo mahali pengine popote nchini. Karatasi iliyotolewa na CDA, ilikuwa na nguvu gani baada ya CDA kuvunjwa? Shamba lililoko nje kidogo ya mji, je, limekwisha kuingizwa katika upimaji na kugawiwa mtu mwingine ofisini? Mwenyeji anayeuza, je, alikwisha kulipwa fidia? Kila pembe ya mji kulizuka wauzaji na waonyeshaji. Wengi wao walikuwa vijana waliofika na treni ya jana, wanaitaja Kisasa na Nkuhungu na Ipagala kwa kusoma majina kwenye simu. Madalali wenyeji, walioishi na CDA na kujua michoro yake, walikuwa wachache, na ujira wao ulionekana mkubwa. Mtumishi aliyeona uchungu kuulipa akampata wa bei nafuu. Wahenga walikwisha kusema kwamba rahisi ni ghali, na wapo waliolijua hilo kwa gharama ya kiwanja.

Tukimsifu dalali mzoefu tusije tukawafunika wabaya kwa sifa zake. Ziko tabia ambazo zimeota mizizi hata kwa madalali wanaojiita wa kweli, nazo lazima zikomeshwe. Ya kwanza ni kuweka cha juu. Mwenye nyumba anasema kodi yake ni shilingi 150,000. Dalali anamwambia mpangaji 200,000, na ziada inaingia mfukoni mwake kila mwezi au kwa mkupuo. Huu si ujira, maana ujira hufahamika kwa pande zote mbili. Ya pili ni kudai fedha ya kuonyesha kwa kila mlango, hata kwa mlango anaoujua fika kwamba umekwisha kufungwa na mpangaji mwingine. Ya tatu ni kumhamisha mpangaji kwa hila: dalali aliyekupangisha mwaka jana anamnong'oneza mwenye nyumba kwamba kodi imepanda mtaani, ili wewe utoke, aingie mwingine, naye apate mwezi wake mpya. Mwalimu mwenye watoto watatu shuleni huhamishwa hivyo mara mbili kwa mwaka, na watoto hubadili shule kama wasafiri.

Dalali mzoefu wa kweli hutambulikana kwa kuepuka mambo haya. Hutaja ujira wake kabla ya kuondoka kwenye benchi. Humkutanisha mpangaji na mwenye nyumba uso kwa uso, tena mbele ya mjumbe, akiwaachia wataje bei wenyewe. Huandika katika daftari. Na aghalabu, hii ndiyo alama kubwa, huweza kumwambia mteja asinunue. Atakayekuambia kwamba nyumba hii usiinunue, na huku ujira wake unategemea ununuzi wako, huyo mshike.

Lakini lawama zote tusimtwike mtu wa benchini. Hapa tunasema na watumishi wenzetu, na tunasema waziwazi. Baadhi ya madalali wabaya kuliko wote hawakai chini ya mwarobaini. Wanakaa ofisini, chini ya feni. Ofisa anayejua kwamba mtaa fulani unakaribia kupimwa, akamtuma shemeji yake anunue mashamba ya wanakijiji kwa bei ya kutupa, huyo anafanya udalali kwa siri za umma. Karani anayeficha jalada mpaka apewe kitu, kisha akamwelekeza mwananchi kwa "kijana wangu atakusaidia", amejiweka kati ya muuzaji na mnunuzi bila kujua nyumba wala kiwanja. Kiongozi wa mtaa anayeshuhudia mauziano mawili ya kiwanja kimoja, na kila mara akapokea asilimia kumi, amefanya kosa kubwa kuliko muuzaji mwenyewe, maana watu walimwamini kwa ajili ya muhuri. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ilitungwa kwa kuogopa mgongano wa namna hii kati ya cheo na maslahi. Yule anayeficha ndiye anayemfanya mwananchi akimbilie kwa tapeli. Kama majibu yangepatikana dirishani kwa siku moja na kwa ada iliyobandikwa ukutani, vishoka wangekosa kazi.

Na mnunuzi naye ana sehemu yake. Mtumishi mwenye elimu, anayejua kusoma waraka wa Utumishi mstari kwa mstari, hununua kiwanja cha akiba ya miaka kumi kwa kuangalia jioni moja, kwa sababu ameambiwa kwamba kuna mwingine anakuja kesho asubuhi na fedha taslimu. Haraka hiyo hupikwa makusudi. Haulizi majirani wa pande nne. Haendi ofisi ya ardhi. Anaogopa gharama ya upekuzi, ambayo hailingani hata na kodi ya chumba, na anakataa dalali wa mtaa kwa kuwa amepata "mtu wa moja kwa moja". Kisha miaka mitatu yote anakaa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akiomba ruhusa kazini kila tarehe ya kesi, huku darasa lake likikaa bila mwalimu. Hasara hiyo haimo katika mkataba wowote, lakini wanafunzi wanailipa.

Sasa lifanyike nini? Dalali wa mahakama ana kanuni zinazomhusu: huteuliwa, malipo yake yamewekewa utaratibu, na akikosea anaadhibiwa. Kwa miaka mingi dalali wa nyumba na viwanja hakuwa na sheria yake yenyewe ya kumwandikisha wala kumwondoa, ingawa mazungumzo ya kutunga sheria ya shughuli za milki yamesikika mara nyingi. Majirani zetu wa Kenya walitunga sheria ya mawakala wa majumba mwaka 1984 na kuweka bodi ya kuwaandikisha. Haikuwamaliza wasioandikishwa, maana sheria peke yake haina miguu, lakini ilimpa mwananchi mahali pa kuuliza kama huyu ni wakala au siye. Hilo peke yake ni jambo.

Sisi hatuamini kwamba ni lazima tungoje. Halmashauri zinaweza kuanza na daftari. Kila dalali wa kata aandikwe jina, picha, mtaa anaoufanyia kazi na miaka aliyoifanya, na orodha ibandikwe ofisi ya kata ambapo kila mtu ataiona. Ujira utajwe kwa maandishi na utolewe stakabadhi. Anayepatikana ameweka cha juu, au amepokea fedha kwa nyumba asiyotumwa na mwenyewe, jina lake lifutwe mbele ya wenzake. Tungependa pia kuona wazee wa kazi hii wakiitwa katika urasimishaji wa makazi. Katika programu ya miaka kumi iliyoanza mwaka 2013, wapimaji walihitaji kujua mipaka ya kila nyumba katika mitaa isiyo na ramani. Mipaka hiyo ilikuwa imehifadhiwa katika vichwa vya watu. Baadhi ya vichwa hivyo ni vya madalali wenye mvi, na kila mwaka tunawazika wachache na daftari zao.

Wako watakaoona kwamba kumwandikisha dalali ni kumpa heshima asiyostahili. Tunawaomba wafikiri upya. Asiyeandikwa hawezi kuulizwa. Mtu aliyetambuliwa ana cha kupoteza, na mwenye cha kupoteza hujihadhari. Vijana walioingia katika kazi hii kwa kukosa nyingine nao wangefaidika, kama wangewekwa chini ya mzoefu kwa mwaka mmoja kabla ya kupewa nafasi katika orodha, kama fundi seremala anavyokaa na mwanafunzi wake. Wangejifunza kuzisoma karatasi, kumtafuta msimamizi wa mirathi, na kuikataa fedha ya mtu mwenye haraka.

Kazi yenyewe haidai fedha nyingi. Inataka daftari, kalamu, muhuri, na siku moja ya juma ambapo ofisa ardhi na ofisa mtendaji wa kata watakaa meza moja na mlango ukiwa wazi. Madalali wa kweli watakuja bila kuburutwa. Wao wamelalamika kwa muda mrefu kuliko sisi kwamba matapeli wanawaharibia jina, na hawajapata hata ofisi moja ya kuyapokea malalamiko hayo.